Mpangaji wa Anti Gadija

Wivu wa Anti Gadija mtaa mzima wa Bo-Kaap, mjini Cape Town, uliujua. Katika chumba chake cha nyuma alikaa Milda, binti wa Lithuania aliyefanyia kazi kampuni ya kwao kwa kompyuta. Gadija ndiye aliyemwonyesha teksi za kupanda na za kukwepa, tena ndiye aliyemkanya asitembee na simu mkononi. Watoto wake mwenyewe wamehamia mbali, basi akamfanya huyu mwanawe. Halafu sifa zikaenda kwa nani? Kwa Rugaya, jirani wa mkabala!

Jumapili moja Rugaya alileta sahani ya koesista, maandazi yanayochuruzika shira. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, Milda akairudisha na keki. Rugaya akaijaza samosa. Ikawa kila siku sahani inavuka barabara, na Milda nyuma yake.

"Umeshiba huko tena?"

"Nimeonja tu, anti."

"Umeonja! Na mchuzi wangu nimpe paka?"

Jioni moja, akipita na ndoo, Gadija alimsikia Milda kwenye simu akiwashauri wenzake wa kwao waliotaka kuja. "Msilipe kodi kabla ya kupima intaneti wenyewe. Ulizeni ratiba ya mgao wa umeme. Na mjuane na jirani mwenye betri ya akiba. Mimi ninaye Anti Rugaya, umeme ukikatika nakimbilia kwake."

Anti Rugaya! Moyo ulimwaka. Na yeye ni nani, mlinzi wa geti?

Jumatatu Milda alikuwa na kikao cha mtandaoni na mabosi wake, cha kuamua kama watamwongezea mkataba. Bila mkataba anarudi kwao, na Gadija alilijua hilo vizuri. Kikao kinakaribia kuanza, umeme huo ukaenda zake. Milda akatoka mbio, kompyuta kwapani.

"Unakimbilia wapi? Rugaya hayupo. Nimemwona anafunga mlango."

"Nigonge tu, anti, labda..."

"Ugonge mlango wa mtu asiyekuwepo? Kaa, mwanangu, umeme unarudi sasa hivi."

Mwongo mkubwa! Rugaya alikuwa jikoni kwake anakaanga samosa. Milda alimwamini, akakaa. Umeme uliporudi, mabosi walikuwa wameshafunga kikao. Mkataba haukuongezwa.

Siku ya safari Rugaya alikuja kuaga. "We mtoto, Jumatatu umeme ulipokatika mbona hukuja? Nilishakuwashia betri, nikakungoja na chai."

Milda akageuka, akamtazama Gadija. Gadija akajitia kukunja kitambaa cha meza.

"Nilichelewa, anti," Milda akajibu, akaendelea kufunga begi.

Gari lilipoondoka Gadija aliingia jikoni. Mezani palikuwa na sahani mbili. Ya Rugaya ilijaa keki, imefunikwa vizuri, ikingoja kuvushwa barabara. Ya pili ilikuwa yake, ile aliyompelekea mchuzi usiku uliopita. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na haikuwa na kitu.