Kitenge Kiunoni

Juzi, pale Kabambare, nilimwona mwanamke akijifunga na mtoto wake kwa kitenge kabla ya kupanda pikipiki, na harufu ya mawese ikanirudia.

Siku moja, nikiwa mdogo, Mama na wenzake walikuwa wanapeleka mawese Lusangi, kwa wachimba dhahabu. Njia ya bondeni ilikuwa imejaa maji, basi tukapita juu, kwenye mgongo wa mlima, tukitambaa kwenye mawe yaliyounguza viganja. Bidoni za mafuta hayo zililia chubwi, chubwi migongoni mwa akina mama. Mama alinifunga kiunoni kwa kitenge, ncha ya pili akajifunga yeye. Niliona haya: mbuzi ndiye hufungwa hivyo. Kila upande bonde, mbele bidoni ya mama, nyuma shangazi akihema. Hapakuwa na pa kugeukia.

"Mama, unifungue! Miye si mbuzi."

"Tembea, mutoto."

"Huku iko shimo! Na nikianguka?"

"Tutaanguka sisi wawili."

Nilidhani ananitisha. Nilinuna mpaka Lusangi, na fundo lilipofunguliwa nikamkimbia bila hata kumtazama. Ilibidi nizae wa kwangu ndipo nikajua kwamba ile ilikuwa ahadi.