Minyororo ya Baba Mkwe

Mama yangu alikuwa anakata roho kule Ardennes, kusini mwa Ubelgiji, katika hospitali ya mji mdogo alikoishi na mdogo wangu, na mimi nilikuwa Ixelles, mjini Bruxelles, natazama theluji dirishani. Mdogo wangu alipiga simu asubuhi. "Yaya," akaniita mimi dada yake mkubwa, "kuja leo. Daktari anasema mama hatafika kesho. Iko anakuuliza wewe tu." Treni zilikuwa zimekwama. Mabasi, hakuna. Mume wangu akampigia baba yake, kwa kuwa mzee alikuwa na gari la jipu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, tena alikuwa na minyororo ya kufunga kwenye tairi zisiteleze kwenye theluji. Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru mapema mno.

Baba mkwe wangu aliendesha malori kati ya Bukavu na Kamituga maisha yake yote, kabla ya vita kututupa huku Ubelgiji. Njia ile ni matope tupu: mtu anafunga minyororo nyumbani kwake na kuifungua alikofika. Ndivyo alivyojua, na hakuona sababu ya kufundishwa vingine. Aliitandaza minyororo barabarani, kwenye chaussée de Wavre, mbele ya duka la vitenge, akamwambia mume wangu asogeze jipu polepole mpaka tairi za nyuma zipande juu yake. Kisha akapiga magoti kwenye theluji na suti yake ya kanisani, akaanza kukamatisha ndoano, vidole vimekufa ganzi. "Haraka haraka haina baraka," akasema, wakati hakuna aliyemwuliza kitu. Mama yangu anakufa, na yeye ananiletea methali!

Mimi nilisimama nyuma ya jipu, kitambaa kimeshuka hadi machoni, nimeshika boksi la minyororo. Lilisema kwa Kifaransa wazi kabisa: ukienda kidogo, simama ukaze tena, ukitoka kwenye theluji, vua mara moja.

Sasa, kwetu mke hamsemeshi baba mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hatamki jina lake. Ukiwa na neno unampa mumeo, naye analipeleka. Tangu niolewe Bukavu sikuwahi kumwambia mzee yule neno hata moja. Naye alinisalimia kwa kumwuliza mwanawe, "Mama ya batoto iko muzima?" na mimi nimesimama palepale. Watu wa huku wakicheka, wacheke. Ilikuwa heshima, na niliipenda, maana mzee alikuwa mkali na heshima ile iliniweka mbali na ukali wake.

"Mwambie papa," nikamnong'oneza mume wangu, "tukifika pale Flagey, mbele kidogo, asimame akaze. Na kwenye autoroute, ile barabara kubwa, atoe."

"Bon, nitamuambia."

Mzee ndiye aliyeshika usukani, na Flagey tukapita bila kusimama. Mume wangu hakuwa amempa lile neno langu. Chini yetu minyororo iligonga kama mtu anayepiga sufuria, na barabara mbele ilikuwa inazidi kuwa nyeusi, theluji imeisha. Nikamfinya mume wangu bega.

"Papa," akaanza, "banasema... njia iko muzuri sasa, donc, labda..."

"Nani anasema?"

"Hapana, papa. Hakuna muntu."

Hakuna mtu! Mimi, mtoto wa mwanamke aliyekuwa anakata roho, hakuna mtu! Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na bado nikafumba mdomo. Sikio halipiti kichwa, ndivyo tulivyolelewa.

Tulipopanda daraja refu la Auderghem, pembeni mwa mji, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji yalikuwa yameshapita na lami ilikuwa safi. Mzee akafurahi, akakanyaga mafuta. Mnyororo ukakatika. Niliusikia ukipiga bodi, ukajiviringisha kwenye gurudumu, ukang'oa mpira wa breki. Tukayumba, tukagonga ukingo wa daraja, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Hatukuwa tumetoka hata Bruxelles.

Tulipiga simu kuomba gari la kuvuta. Wakatuambia tungoje, mji mzima umekwama. Mzee alishuka akavuta vipande vya mnyororo kutoka kwenye gurudumu, kimoja kimoja, akavipanga ukingoni kana kwamba vitaungana. Niliwaza kushuka nitembee kwa miguu mpaka Ardennes. Wazimu tu. Mume wangu hakunitazama. Mzee akarudi ndani, akakaa na mikono yenye mafuta magotini, na tukangoja mpaka mwanga ukaanza kupungua. Ndipo simu yangu ikalia.

"Yaya, mumefika wapi?" mdogo wangu aliuliza, na nikajua kwa jinsi alivyouliza. "Mama ameenda. Alikuuliza mpaka mwisho. Nikamuambia uko njiani."

Nikamwambia mume wangu ampe papa habari. Hakukuwa na haja, ndani ya gari lile kila mtu alikuwa amesikia. Mzee akageuka kwenye kiti chake akanitazama machoni.

"Mutoto yangu," akasema, "ile neno ya njia, ni wewe ulisema?"

"Ni mimi, papa. Nilimuambia mutoto yako tangu Ixelles."

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilidhani mzee atamgombeza, na nilitaka amgombeze, haki ya Mungu nilitaka. Hakumgombeza. Alilia pale mbele yangu, kwa sauti, jambo ambalo kwetu mke wa mwana hapaswi kuliona, na mimi sikugeuza uso.