Chupa ya Tetemeko

Siku niliyohamia kwenye chumba kile cha Sanyuanli, huko kwa Wachina, kitu cha kwanza kukitupa kilikuwa chupa ya bia. Ilikuwa juu ya kabati, tupu, imesimamishwa kichwa chini, kitako juu. Nikasema, mimi mtoto wa Kariakoo, mtoto wa chuoni, wa madrasa, nilale chini ya chupa ya ulevi? Nikaitia kwenye pipa la taka, nikanawa mikono. Jioni mama mwenye nyumba alipoingia asiione, alipiga ukelele nikadhani kaona nyoka. Alishuka ngazi mbio, akarudi na nyingine, akaisimamisha palepale, taratibu, huku amebana pumzi.

Siku hizo nilikuwa mkali kama pilipili, na Kichina changu kilikuwa cha kununulia suruali tu. Nikamwita jirani, Mkongo wa upande wa Goma aliyekuja kununua viatu na aliyekijua Kichina kuliko sisi wote, aje anifasirie maneno yangu. Badala yake alimsikiliza yule mama hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Mama, uache ile chupa. Kwao kule kaskazini udongo ilitikisika, muji yote ikaanguka. Chupa ikianguka, watu wanakimbia inje. Ni vile tu."

"Na kwenu?"

"Kwetu inatikisikaka kila mara. Mulima inawaka, nyumba inacheza, siye tunakunywa chai. C'est normal, ni kawaida."

Akaniambia pia kwamba yule mama aliijua nchi yake kwa matetemeko, kama sisi wafanyabiashara tunavyoijua kwa masoko. Kaskazini alikotoka, magharibi kwenye milima, hata kisiwa cha ng'ambo ya bahari: kila mahali alijua ardhi ilitikisika lini na nyumba zilianguka vipi. Mimi tetemeko nililisikia chuoni tu, kwenye habari za kiyama. Kuanzia hapo hofu yake ikanihamia. Lori likipita barabarani namkumbatia mwanangu mdogo niliyekuja naye, macho kwenye chupa. Na mtaa wenyewe ulikuwa unachimbwa, wanatengeneza njia ya treni ya chini kwa chini, kwa hiyo sikupata raha hata kidogo.

Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno. Nilisafiri naye kwa sababu bibi yake aliyekuwa akinilelea alikuwa mgonjwa, na baba yake alibaki Dar na duka. Nikienda kwenye masoko ya Guangyuan Xilu kununua mzigo wa suruali, nilimwacha kwa mama mwenye nyumba. Tulimwita ayi, yaani mama mdogo, kama wanavyoita wenyewe.

Mchana mmoja nilirudi nikakuta mlango wazi. Wali wa mtoto ulikuwa nusu bakulini, ndala zake zimebaki sakafuni, na chupa imevunjika vipande vipande. Mimi sikufikiria tetemeko. Nilifikiria wezi, nikafikiria ugomvi, nikashuka ngazi napiga kelele kwa Kiswahili.

Muuza tambi wa chini alinyoosha mkono kuelekea barabarani. "Ayi! Dizhen! Dizhen!"

Nami nilichokijua ni dizhi. Kila mchukuzi, kila ofisi ya mizigo ilinidai dizhi, anwani. Nikaelewa kwamba ayi amempeleka mwanangu kwenye anwani fulani. Habari za watoto wanaoibwa nilikuwa nazo kichwani tele. Nikamtolea yule mtu kalamu na karatasi: dizhi gani? Andika! Akatikisa kichwa, akatikisa mabega, akatikisa mwili mzima, nikaona ananidhihaki. Kidogo nimzabe kofi. Niliogopa sijapata kuogopa vile maishani. Ningemwambia nini baba yake? Kwamba nilikwenda kununua suruali nikarudi bila mtoto?

Mkongo alinikuta hapo nalia, akaongea na muuza tambi.

"Si dizhi, mama. Dizhen. Tremblement de terre. Amekimbia na mtoto."

Tetemeko lipi? Ardhi ilikuwa imetulia tuli. Kilichotikisa ni mashine ya watu wa treni, ilikuwa ikipigilia nguzo tangu asubuhi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nilimwambia Mkongo, lakini sikupata nafuu. Mwanamke mwenye kiwewe, na malori yote yale barabarani, na mwanangu mikononi. Tukatoka kuwatafuta, na kila nilipoona watu wamekusanyika barabarani nilifumba macho, Mkongo akatangulia kuangalia.

Tuliwakuta kando ya reli, katikati ya bustani ya mboga, mbali na kila ukuta. Ayi alikuwa amekaa kwenye tope, hana viatu, mtoto kamfunika kwa sweta lake. Mtoto anatafuna jani la mboga, hana habari. Nilimrukia ayi na matusi yangu yote ya Kariakoo, nikamvuta mwanangu. Ayi hakumwachia. Nikavuta, akavuta, mtoto akaanza kulia.

Mkongo akachutama, akamweleza kwa upole habari ya mashine. Ayi alisikiliza huku akiangalia chini, kama anayengoja ardhi yenyewe imjibu. Kisha akalegeza mikono. Nilimkumbatia mwanangu, nikageuka kumalizia matusi.

Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kwangu, viganja juu, mitupu.

"Na ci," akasema, "mei you."

Mkongo alifungua mdomo kunitafsiria, nikamzuia. Na ci ni mara ile. Na mei you ndilo neno nililoambiwa kila siku dukani saizi ikiisha: hakuna.

Mara ile, mji wa kwao ulipoanguka, alikuwa amefika nje mikono mitupu.

Nikakaa topeni kando yake hadi mtoto aliponyamaza, kisha nikampa ambebe yeye mpaka nyumbani.