Wa Mwisho Hufunga Geti

Watu wa mjini wakija kwetu Rocallonga siku hizi huja na baiskeli wanazoziita za changarawe, tairi nene kidogo, usukani umepindwa kama pembe za kondoo dume. Wanapiga picha bwawa, wanapiga picha milima, wanajipiga picha wenyewe, halafu wanatuuliza sisi wenyeji kama tunaujua mchezo huu mpya. Mimi huwa nawaambia hapana. Sina nguvu ya kubishana na mtu aliyevaa suruali ya kubana. Tumezunguka bwawa lile kila Jumapili tangu baiskeli zetu hazina jina, tukapita kwenye changarawe kwa sababu ndiyo njia iliyokuwepo, na mwisho wa safari tukala maharage meupe na soseji kwenye mgahawa ulio karibu na ukuta wa bwawa. Hayo maharage ndiyo mchezo wenyewe, ukitaka ukweli wangu.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni Remei.

Remei alizaliwa upande wa kusini wa bwawa, binti wa mchoma mkaa. Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka kilipofungwa, kisha akawa mpishi kwenye nyumba ya wazee hapa kwetu, na mpaka leo yupo hapo. Ni mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache. Baiskeli alijifunza watoto wakiwa wameshaondoka nyumbani, kwa sababu mumewe, Baldiri, alimchosha masikio kwa kuisifia ile njia. Alianguka mara nyingi. Hakuwahi kusema ameumia, alisema tu, "Haya, twende."

Baldiri alikuwa fundi bomba na rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa shule. Alikuwa na mapafu ya farasi. Angetaka, angetuacha wote kwenye vumbi, hata Melcior, mwenye duka la dawa, ambaye ndiye wa kwanza kwetu kununua baiskeli ya wale wa mjini na ambaye tangu hapo sisi tunamfahamu kwa mgongo tu. Lakini Baldiri alikaa nyuma ya mkewe, miaka yote.

"Napenda kuangalia mandhari," alikuwa akisema.

"Mandhari yenyewe ni bibi mwenye mjukuu," Remei anamjibu bila kugeuka. "Angalia barabara."

Sasa, katikati ya mzunguko kuna malisho ya Quirze. Quirze ni mzee mfuga ng'ombe, mkali kama pilipili, na njia inapita ndani ya ardhi yake. Asingetupitisha, tungebaki na barabara ya lami tu, ile ya malori ya magogo, na hapo hakuna raha tena. Baldiri aliwahi kumtengenezea bomba la maji ya ng'ombe, wakapeana mikono, na Quirze akasema piteni, ila geti lisikutwe wazi hata siku moja. Geti la malisho kwetu lina desturi yake. Wa kwanza anafungua, wa mwisho anafunga, walio katikati hawagusi. Ukiwa katikati ukajitia wema wa kufunga, unamfungia mwenzako aliye nyuma, na utatukanwa mpaka jioni. Na kwa kuwa wa mwisho alikuwa Baldiri siku zote, sisi wengine tulifika mahali hatukumbuki kama lile geti linafungwa na mtu. Tulipita tu.

Baldiri alifariki mwishoni mwa majira ya baridi. Alianguka uani akipanga kuni, moyo ukasimama. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Remei alirudi uani akazimaliza zile kuni kuzipanga. Nilimkuta akifanya hivyo. Nilimwambia, "Shemeji, acha." Akasema zitalowa.

Hakulia siku ile, wala kanisani, wala makaburini. Watu wakaanza kunong'ona, maana kwetu mjane asiyelia huwapa watu kazi. Yeye hakujali, na tatizo lilikuwa hilo hasa, kwamba hakujali chochote. Aliwapikia wazee supu akasahau chumvi, wakamlalamikia, akawatazama kama wanaongea lugha ya mbali. Siku moja nilipompelekea mkate aliniambia, sauti kavu kabisa:

"Shemeji, sisikii kitu. Chakula ni kama karatasi. Watoto wakipiga simu nawajibu, nikikata sikumbuki walisema nini. Kilichobaki ni ule mzunguko tu. Huo nautaka. Msininyang'anye huo."

"Nani akunyang'anye?"

"Sijui. Nasema tu."

Basi Jumapili iliyofuata akaja. Kulikuwa na ukame, bwawa limenywea mpaka kingo zake zimekuwa tope jeusi lenye ganda juu. Melcior peke yake ndiye aliyejaribu kuchangamsha, akasema kahawa ya mgahawani siku hizi wanaichuja kwa soksi, hakuna aliyecheka, akakanyaga akapotea mbele. Yeye ndiye aliyefungua geti la Quirze. Tukapita mmoja mmoja. Remei alikuwa nyuma kidogo, akipanda mlima kwa gia nyepesi, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

Maharage yalikuwa hayajapoa mezani Quirze alipoingia mgahawani na buti zake za tope.

"Nyie washenzi! Nani kaacha geti?"

Tulitazamana. Uma wangu ulikuwa hewani.

"Ng'ombe wangu wameshuka bwawani. Yule mwenye mimba kazama mpaka tumboni. Mnakula soseji!"

Tulirukia baiskeli tukatoka mbio, hata divai hatukuimaliza, jambo ambalo sijaliona tena. Ng'ombe alikuwa amenasa mbali kidogo na ukingo, anakoroma, macho yamemtoka. Tulitandika matawi ya misonobari juu ya tope, tukampitishia kamba mbavuni, Quirze akaifunga kwenye trekta na akawa anaivuta polepole huku sisi tukimsukuma kwa nyuma. Melcior na nguo zake za kubana alizama mpaka kiunoni. Remei alikuwa upande wa kichwa, amemshika ng'ombe pembe, anamwinua pua isiingie topeni, haonyeshi hofu wala huruma. Ng'ombe alipotoka alibaki amelala, kisha akasimama miguu ikitetemeka, akajinyea. Quirze akampapasa tumbo muda mrefu.

"Anacheza," akasema. Ndama alikuwa hai.

Tukawaswaga wote kurudi malishoni. Tulidhani tumesamehewa, lakini Quirze alitoa kufuli kwenye trekta.

"Nani alikuwa wa mwisho?"

"Mzee, tulisahau wote," Melcior akasema.

"Sikuuliza nani kasahau. Wa mwisho nani?"

"Mimi," Remei akasema. "Na sikusahau. Niliona liko wazi. Nilimwachia Baldiri."

Alilisema hilo kama mtu anayekwambia ameacha funguo mezani. Nakiri nilitamani kuwa popote pengine. Quirze alivua kofia akaivaa tena.

"Pole, mama. Sikuja msibani, ng'ombe walikuwa wanazaa. Lakini hawa hawajui msiba. Nilipeana mkono na mtu mmoja, na huyo mtu hayupo. Kama hamna wa kuniambia kwa jina lake kwamba yeye ndiye wa mwisho, naweka kufuli, mtapita lami na malori."

Wote tukamtazama Remei. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulimwona yeye ndiye mrithi, tena ndiye mwenye mwendo wa pole, na tulijua jinsi alivyoutaka ule mzunguko.

"Mimi hapana," akasema. "Mkiniweka nyuma nitamwachia tena. Najijua."

"Basi kufuli."

"Subiri, mzee," Melcior akasema. "Nitakaa mimi."

Quirze akacheka kwa pua. "Wewe? Wewe hujawahi kuona mgongo wa mtu."

"Nitauzoea. Jina langu unalijua, duka langu unalijua. Ukikuta wazi njoo unifungie duka."

Mzee alimwangalia lile tope linalomkauka kwenye mapaja. Akarudisha kufuli kwenye trekta, bila kusema ndiyo, lakini kwa Quirze huo ni ukarimu mkubwa.

Tukatoka malishoni. Mimi mbele, wengine wakafuata, kisha Remei, na Melcior akabaki ameshikilia geti kama bawabu wa harusi. Nilimwona Remei amelegea mabega kidogo, nikadhani amefurahi, njia imepona. Hata mimi nilianza kuyafikiria yale maharage.

Melcior alivuta geti, akafunga mnyororo, akautikisa kuhakikisha, na kwa kuwa kazi ilikuwa mpya kwake akapiga kelele kwa nguvu zote:

"Tayari! Wote tumepita, hakuna aliyebaki!"

Remei akakamata breki. Akashuka, akaiacha baiskeli ikaanguka kwenye changarawe, akageuka. Alilitazama geti, na nyuma yake njia tupu inayoingia kwenye misonobari.

"Fungua," akasema.

"Nini?" Melcior akauliza.

"Fungua kwanza, Melcior. Fungua."

Melcior, mkono ukiwa juu ya mnyororo, alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Quirze. Quirze akainamisha uso. Hakuna aliyefungua, na hapo ndipo Remei alipolia.