Malaria Niliyoipatia Biharwe

Kati ya magonjwa yote niliyougua maishani, hakuna ulioombewa kama malaria ambayo sikuugua.

Nilikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Misiera, ndani ya kambi yetu ya wakimbizi, nikipeleka maharagwe Mbarara. Siku hiyo nilishusha mzigo mapema, nikaendelea hadi Biharwe kumsalimia rafiki, naye akanikaribisha waragi, ile pombe kali. Saa saba mchana, nikirudi, askari wa barabarani akanisimamisha.

"Wewe nakunywa?"

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ile ni harufu ya dawa ya kikohozi. Akaniwekea kipimo mdomoni, nikapuliza kwa nguvu za mtu asiye na hatia. Kipimo hakikujali kikohozi changu.

Hakimu wa Mbarara alinipa faini au wiki mbili gerezani, na leseni ikasimamishwa mwaka mzima. Mfuko wangu ukachagua gereza. Lakini gereza halikunitisha kama mke wangu, mtu wa maombi ambaye pombe haijawahi kuingia nyumbani kwake. Niliazima simu ya askari wa gereza nikamwambia nimelazwa kwa malaria kali, asije, wodi imejaa.

Akafunga siku tatu bila kula. Akina mama wa kanisa letu la Rubondo wakafunga naye. Nilirudi nimekonda vya kutosha kuwaridhisha wote, nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda wa kuponywa, mrefu, tena wenye machozi. Kuhusu kuacha gari, nilisema daktari amenikataza kwa sababu ya macho. Ikanibidi niwe nikigongagonga viti nyumbani kila nilipokumbuka kwamba sioni vizuri.

Miaka miwili baadaye tukaitwa Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kwa mahojiano ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Tulikuwa tumeyangoja tangu kifungua mimba wetu akibebwa mgongoni, na sasa alikuwa anamaliza shule ya msingi. Pale kila mtu huhojiwa peke yake, kisha majibu hulinganishwa. Mke wangu aliingia kwanza. Nilipoingia mimi, afisa akaniuliza, kupitia mkalimani, kama nimewahi kuhukumiwa. Nilijua rekodi iko mahakamani, kwa hiyo nikasema kweli, tena nikajisifu moyoni kwa ushujaa huo.

Afisa akarudisha kurasa nyuma. Mke wangu alikuwa ameulizwa swali hilohilo. Alijibu kwamba mumewe hajawahi kukamatwa, na kwamba mara moja tu alikaa wiki mbili mbali na nyumbani, akiwa hospitali, Mungu akamponya.

Akaitwa arudi. Nikamweleza mbele ya afisa, macho yangu yakiwa kwenye viatu. Hakulia.

"Ungeniambia uko mu gereza, ningekuya kukuletea chakula," alisema polepole.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Afisa akasema kosa la pombe peke yake huenda lisingetuzuia. Tatizo ni maelezo mawili katika familia moja. Mimi nitawekwa kando nichunguzwe. Kisha akamuuliza mke wangu kama angependa faili lake na la watoto liendelee bila mimi.

Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kwa niaba yake, mjinga mimi, nikiwa na uhakika kabisa kwamba atakataa. Mke wangu hakunitazama.

"Munipe siku kidogo," akamwambia afisa. "Nifikiri."