Mhariri wa Ijumaa

Kila Ijumaa, vyombo vya chai vikishaoshwa, mshonaji alizipanga karatasi za baba yake, akazibana, akazitia mkobani na kuaga mlangoni.

"Baba, nazipeleka kwa Mhariri."

"Mwambie asome taratibu," mzee alisema, uso ameuelekeza dirishani kama mtu anayeona. "Yule tangu nikimfundisha ana haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni."

Mshonaji aliitikia, akafunga geti, akapinda kona, na badala ya kushika barabara ya chuo akaingia kwenye kibanda chake cha cherehani, akaurudisha mlango nusu. Kwa Mhariri alikuwa ameshafika. Mhariri alikuwa yeye mwenyewe.

Haikuanza kwa nia mbaya, wala hakuwahi kukaa akaipangia. Baba yake alifundisha Kigiriki cha Maandiko karibu maisha yake yote, katika chuo kidogo cha wachungaji, mpaka macho yalipomzimikia akarudishwa nyumbani kwa zawadi ya saa ya ukutani na hotuba ndefu. Akasema hatakaa barazani kusikiliza mbu. Ataandika kamusi ya maneno ya Agano Jipya kwa Kiswahili, tena si kwa mpangilio wa herufi bali kwa koo zake: maneno ya upendo pamoja, ya subira pamoja, na maovu yote mwisho, kama mtu anavyofagia sebule kwanza na uani baadaye. Yeye angesema, binti yake angepiga taipu, na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mwalimu palepale chuoni, angehariri.

Mashine ya taipu aliing'ang'ania mzee mwenyewe, kwa sababu aliweza kuisikia. Mlio ukisita alijua binti amekwama. Ukienda mbio kupita kiasi alijua anaongeza lake.

Kisha siku moja Mkuu wa chuo alimkaribisha mshonaji kiti, akamweleza kwa adabu kwamba darasa la Kigiriki limefungwa kwa kukosa wanafunzi. Mhariri alikuwa ameacha kazi, anauza bima. Kamusi haitachapwa. "Mpe mzee pole zetu," alisema, kana kwamba kuna aliyefariki.

Mshonaji alirudi akiwa amejikaza kisabuni kuisema habari ilivyo. Lakini mzee alisikia geti, akakaa wima kitini.

"Haya, kasemaje?"

"Kasema sehemu ya imani ni ndefu mno," mshonaji akajibu. Maneno yalimtoka kama shanga zilizokatika uzi.

"Ndefu!" Mzee alijipiga paja. "Yeye ambaye insha zake nilikuwa nazisoma nikiwa nimelala!" Akacheka, akabisha peke yake mpaka jioni, na chakula ambacho kwa majuma mengi alikuwa akikidonoadonoa akakimaliza, akaomba kingine.

Basi Ijumaa iliyofuata ikabidi Mhariri aseme kitu kingine.

Kibandani, katikati ya sare za shule zisizo na vifungo na majoho ya kwaya yaliyosubiri pindo, mshonaji alizisoma karatasi zile kama alivyoitazama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine: wapi pamevutwa, wapi uzi umeachwa. Kigiriki hakukijua. Alijua tu yale maneno aliyokuwa ameyapiga taipu, na namna baba yake alivyopenda kuyakimbilia mahitimisho. Alikuwa na umri wa kuitwa mama na wateja wake; aliwahi kuolewa, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza sana. Nyumbani hakuwa mtu wa kubisha. Lakini Mhariri alibisha. Mhariri alisema, "Mzee, hapa umejichanganya," na mzee akafurahi.

Aliyeijua siri ni shangazi peke yake, dada wa mzee, mjane aliyetawala jiko la nyumba ile. Alikuwa amepita kibandani Ijumaa moja kutafuta zipu.

"Kwa hiyo unampaka ndugu yangu mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema, amesimama mlangoni.

"Shangazi, utamwambia?"

"Nimwambie nini, na ndiyo kwanza ameanza kula? Ila mwanangu, uongo ni kama paka. Ukishaulisha, haukutoki mlangoni."

Hatimaye wakafika uani, kwenye maovu. Ukoo wa udanganyifu ulimchukua mzee siku kadhaa. Dolos, alisema, asili yake ni chambo: kile kinachowekwa mbele ya samaki. Plane ni kupotezwa njia, kutangatanga huku ukidhani unakwenda. Alipofika kwenye neno la tatu, apate, aliguna.

"Hili nalo ni udanganyifu tu. Andika: apate, udanganyifu, tazama dolos. Basi."

"Hivyo tu, Baba? Halina lake?"

"Wengine wanasema lina utamu ndani yake. Kwamba huko kwa Wagiriki watu wa kawaida walilitumia hata kwa starehe, kwa burudani. Lakini neno ni neno. Aliyedanganywa kadanganywa."

"Kuna kumvika mtu kilemba cha ukoka," shangazi alidakia kutoka jikoni. "Hiyo nayo ni dolos?"

"Wewe dada pika."

Ijumaa hiyo mshonaji alikaa kibandani na ule mstari mmoja mpaka mchana. Mteja alikuja kujaribu gauni. Alikuwa ameagiza kiuno ambacho hakuwa nacho. Mshonaji akakibana kwa pini nyuma. Mwanamke akajitazama kiooni, akageuka upande, akatabasamu. Pini alikuwa anazihisi, kila akipumua. Bado hakutaka kutoka pale.

Jioni, mshonaji akiwa bado na mkoba begani, mzee akauliza, "Kasemaje?"

"Kasema umekosea. Kasema dolos na apate si kitu kimoja. Samaki hajui kuna ndoana. Lakini mtu akienda kwa fundi, fundi akambana gauni kwa pini nyuma, yeye anajua. Pini zinamchoma. Anasimama tu mbele ya kioo kwa sababu anachokiona ni kitamu. Kasema hiyo ndiyo apate. Dolos humtafuta asiyejua. Apate humtafuta anayeonja, na akishaonja anaishikilia mwenyewe."

Mzee akapiga makofi, mara moja, kwa nguvu.

"Amekua! Yule kijana amekua! Mimi nilimfundisha sarufi, na sasa ananifundisha watu." Akainuka, akapapasa meza. "Nataka kumwona. Mwambie Ijumaa ijayo asije mtu mwingine, aje mwenyewe. Nimshike mkono."

Mshonaji aliutua mkoba chini.

Asubuhi jikoni shangazi akatoa shauri lake.

"Muuza nyama. Ana sauti nzito ya kisomi."

"Shangazi! Baba atamsemesha Kigiriki."

"Akohoe."

"Mchana kutwa?"

"Mwambie ana kifua." Shangazi alitazama uso wa mtoto wa kaka yake, akaacha utani. "Au mwambie ukweli. Lakini mimi siku hiyo nakwenda sokoni."

Hakwenda sokoni. Ijumaa ilipofika alikuwa jikoni, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Mzee alivaa koti. Mshonaji alikaa mbele yake na kumwambia yote, kuanzia Mkuu wa chuo na zile pole zake. Alisema bila kulia na bila kujitetea, kwa sauti ya mtu anayempa mteja vipimo.

"Kwa hiyo hakuna anayesoma," mzee alisema.

"Mimi nasoma, Baba."

"Wewe unashona."

Akavua koti, akalikunja, akalishika mapajani.

Siku zilizofuata alijipapasia mwenyewe njia ya bafuni, akajimiminia chai mwenyewe, ikamwagika, akaifuta kwa mkono wa shati. Taipu ilifunikwa kitambaa. "Kaka umenuna kama bibi harusi aliyecheleweshewa gari," shangazi alimwambia.

Mshonaji naye aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Alidhani atajisikia mwepesi. Lakini aliposhona alijikuta akitunga maneno ya Mhariri, makali, yenye uhakika, kisha akakumbuka kwamba hakuna pa kuyapeleka. Hakuna mtu mwingine ambaye baba yake alimsikiliza vile. Miezi yote ile alijiambia anamlinda mzee. Na huenda ni kweli. Lakini utamu alikuwa akiuonja yeye, kila Ijumaa, mlangoni, mkoba begani. Alibaki ameikunja nguo mikononi, mguu juu ya kanyagio, cherehani kimya.

Jumapili alasiri, baada ya chakula, mzee akaita.

"Njoo uandike."

Mshonaji akafunua mashine, akatia karatasi.

"Apate," mzee akasema. "Udanganyifu. Tazama dolos." Akasubiri mlio uishe. "Nimemaliza. Neno linalofuata."

Vidole vya mshonaji havikuondoka. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya Mhariri, na Mhariri hakuwepo.

"Baba, umekosea."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Kwa kitabu gani? Kwa mwalimu gani?" Sauti ya mzee ilipanda, na haikuwa ile ya kujipiga paja; ilikuwa hasira yenyewe. "Nimekaa na neno hili kabla hujazaliwa!"

"Aliposema Mhariri ulipiga makofi. Nikisema mimi unafoka. Maneno ni yaleyale, Baba."

Mkono wa mzee ulitafuta ukingo wa meza, ukaupata, ukabaki pale.

"Nilipiga makofi," alisema mwishowe, kama shahidi anayekubali jambo dogo. Kisha akaongeza: "Haya. Utie ule mfano wako wa gauni. Lakini upunguze. Ni mrefu."

"Si mrefu."

"Ni mrefu! Kamusi si baraza."

"Si mrefu, Baba. Nitauandika wote."

Hakungoja akubali. Akavuta karatasi juu kidogo, akaanza, na mzee, midomo ameibana, akaielekezea mashine sikio, akifuata mlio baada ya mlio wa sentensi ambayo hakuwa ameisema yeye.