Mlango Wenye Picha

Nilimrushia mwenzangu kipanya cha kompyuta kikampasua juu ya jicho, na yote yaliyofuata yalianzia hapo. Ilikuwa Novemba 2007, katika chumba cha ghorofani mjini Nakuru ambako sisi wawili tulifundisha watu kompyuta. Tulikuwa tunabishana kuhusu Linux. Mimi tangu utotoni nikikasirika mkono hutangulia mdomo, na sijivunii jambo hilo.

Mashine zetu zilikuwa kumi, zote mitumba kutoka ng'ambo, zenye kumbukumbu, yaani RAM, kidogo mno. Mzee aliyetuajiri, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru mwenye duka la vipuri vya magari pale chini, alikataa kununua programu za bei ghali, na sisi tukakataa kuiba, basi tukaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa. Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuubadilisha uso wake wote, madirisha, menyu na rangi, huku mashine ikibaki ile ile. Nyuso zenyewe ni nyingi na kila fundi ana yake. Mwenzangu alipenda KDE kwa madoido yake. Mimi nilitaka Xfce, nyepesi, isiyo na mapambo.

"Hii yako inakaa cell ya polisi," aliniambia. "Mtu ametoka Lanet, amelipa fees, halafu aje kuangalia ukuta?"

"Yako inachukua dakika tatu kufungua barua. Hao wanafunzi watazeeka hapa."

"Wewe hujui watu. Watu wanapenda kitu poa."

"Na wewe hujui kazi."

Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipandisha mori. Kipanya kilikuwa cha zamani, cha kigololo kizito ndani, na nilikirusha kwa nguvu zangu zote. Damu ilimtiririka hadi kwenye kibodi. Alijipangusa kwa mkono wa shati, akaniangalia, kisha akarudi kwenye mashine yake.

Xfce ilishinda, maana mashine zenyewe zilikata shauri. Lakini aibu ilinikaba. Wiki nzima alitembea na plasta juu ya jicho akiwaambia watu amejigonga mlangoni. Ili tupatane, nikamwachia kitu kimoja cha KDE: mlango. Ukurasa wa kuingilia, ule unaouliza wewe ni nani kabla hujaanza kazi, ni kitu mbali na uso wa ndani. Unaweza kuchukua uso huku na mlango kule. Mlango alioupenda ulionyesha picha ya kila mtumiaji na jina lake kando, unabonyeza sura yako unaandika neno la siri. Niliazima kamera ya mzee, nikawapiga picha wanafunzi wote na sisi wawili, nikaziweka kwenye mashine zote kumi. Kwenye picha yake yeye alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, plasta ikiwa pale pale. Alitaka majina yake yote matatu yaandikwe.

"Hapo umeniomba msamaha kifundi," alisema.

Kisha ukaja uchaguzi, na matokeo yake, na moto. Wiki ya mwisho ya Januari vita viliingia mjini kwetu. Mwenzangu alikuwa wa kabila lililosakwa katika mitaa yetu wiki ile, na waliokuwa wakiwasaka walikuwa vijana wa kabila langu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "wahuni" kana kwamba walishuka kutoka mawinguni. Walikuwa watu wetu. Baadhi nilisoma nao.

Yeye alizaliwa na kulelewa Subukia, ambako baba yake alikamua ng'ombe wa watu, na lugha ya mama yangu aliiongea kunishinda, hata matusi yake. Kilichoweza kumuumbua ni jina tu. Kwa hiyo alilegeza skrubu za mashine ya kwanza, akabandika kitambulisho chake ndani, kando ya feni, akafunga. Aliniambia hata akipekuliwa mpaka soksi hawatakiona.

Asubuhi moja wiki ile mzee alituita tushushe mashine kabla duka halijavunjwa. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Tulikuwa tumeshusha mbili tu vijana sita walipopanda ngazi na mapanga na rungu. Mapanga yenyewe hayakuwa safi. Aliyewaongoza alikuwa amejifunga sweta ya shule kiunoni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumzaba mzee kofi.

"Chukueni mashine," mzee alisema. "Chukueni zote."

"Hatukuja kuiba, mzee. Tumeambiwa kuna mmoja hapa."

Wakatugeukia, wakatusemesha kwa lugha yetu. Mimi nilijibu tu nilichoulizwa. Mwenzangu yeye aliwakaripia. Alimuuliza kiongozi wao ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, vile wazee wetu huuliza wakikutana na kijana asiye na adabu. Alipoulizwa yeye pia ukoo wake, akataja ukoo wa baba yangu. Akasema mimi ni dada yake, tumbo moja.

"Ni brother yangu," nikasema.

Walicheka. Mmoja akampa mkono, wakasalimiana. Wakaanza kurudi ngazini.

Stima ikarudi.

Stima Nakuru ilikuwa ikipotea kila siku, kwa hiyo nilikuwa nimezipanga mashine zijiwashe zenyewe ikirudi. Tena nilikuwa nimezima kila huduma isiyo na kazi ili ziwake upesi, na nilijisifu kwa hilo. Feni nane zikaanza kuvuma. Nilijua kinachokuja kabla yao. Mkojo ulinitoka. Nilikimbilia swichi kubwa pale mlangoni, kijana mmoja akanizuia kwa rungu kifuani.

"Tulia, siste. Unaenda wapi?"

Walisimama kutazama. Skrini zikapata mwanga, na picha zikajitokeza, na mwenzangu alikuwa akicheka mara nane na plasta yake, majina matatu kando. Kiongozi alisoma jina la tatu polepole, akilifuata kwa ncha ya panga juu ya kioo. Kisha akamwendea mwenzangu, akamshika kidevu, akamgeuza uso upande wa dirisha. Alikuwa anatafuta kovu, na kovu lilikuwepo.

Panga la kwanza alilikinga kwa mkono wa kulia. Vidole vilianguka juu ya meza, kando ya kipanya. La pili lilimpata begani. Nilimrukia mmoja mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikasikia ladha ya damu yake, kisha rungu likanipiga mdomoni na nikaanguka na meno mawili pungufu. Mwenzangu alikuwa akiita jina langu kwa lugha ya mama yangu. Mzee alinyanyua skrini moja nzima, akampiga nayo kijana mmoja mgongoni. Kilichotuokoa ni mngurumo wa lori la jeshi barabarani. Walipousikia walishuka ngazi mbio, na yule mwenye sweta akamkanyaga mwenzangu kifuani akipita.

Mzee alifungua kilemba chake. Kilikuwa cha buluu, kirefu ajabu, na alimfunga nacho mkono na bega, akikaza kwa goti. Sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, zikamwangukia mpaka kiunoni, zikaloa damu naye hakujali. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya duka, mimi nimeketi nyuma nimemshika.

Alipona. Barabara zilipofunguka jamaa zake walimchukua, wakaenda naye magharibi, na sikupata kumwona tena. Nilipanda ghorofani peke yangu, nikaufuta mlango ule kwenye kila mashine, nikaweka ule unaouliza jina na kutoonyesha mtu yeyote. Nikafungua mashine ya kwanza. Kitambulisho kilikuwa salama kando ya feni, hata tone halikukifikia.

Mwezi wa tisa nilipata barua pepe, herufi ndogo tupu, makosa kila mahali.

"sasa fundi. nimepata mashine ya mtumba ram kidogo. nataka ile yako ya cell ya polisi. lakini natumia mkono ya left tu. kipanya inaweza geuzwa"

Nililia mbele ya wanafunzi. Kisha nikajibu mistari mitatu: fungua mipangilio, chagua kipanya, weka alama pale kwa mkono wa kushoto. Mstari wa nne, wa kuomba msamaha, niliuandika na kuufuta mpaka saa za kufunga. Nikatuma ile mitatu. Siku ya pili akajibu kwamba imekubali, na hakuandika tena.

Kitambulisho chake bado ninacho. Katika picha ile hana kovu.